Binti anaitwa Gift na anaenda Ujerumani: zawadi, ndoa na sumu kwenye neno moja

Swali: "Mtaalamu habari za kazi. Mwanangu wa kwanza ni wa kike anaitwa Gift, nilimpata baada ya kusubiri miaka mingi ndo maana nikampa hilo jina. Sasa kapata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea unesi, ile wanaita Ausbildung, na juzi binamu yake aliyeko Uswidi kaandika kwenye grupu la familia kwamba kwa Kijerumani gift ni sumu, na huko kwake gift ni mtu aliyeolewa. Watu wakacheka sana ila mimi sikucheka. Je ni kweli? Inakuwaje neno fupi hivyo liwe zawadi, ndoa na sumu? Na je nimbadilishie jina kabla hajaomba viza? Mama Gift, Mbeya."

Mama Gift, hongera kwanza kwa binti, na pole kwa hilo grupu. Binamu hajadanganya, yote aliyoandika ni kweli, tena kaacha mengine ambayo angeyajua mngekesha. Ila nikutoe wasiwasi wa jina kwanza maana najua ndo linalokunyima usingizi, historia itafuata.

Usimbadilishie. Jina lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, lipo kwenye vyeti vya shule, na Ujerumani jina la mgeni linachukuliwa lilivyo kwenye pasipoti, hakuna afisa wa kumwambia hili hatulitaki. Wanaoweza kugomewa ni wazazi wanaoandikisha mtoto aliyezaliwa kule kule, hapo ofisi ya vizazi, Standesamt, ina haki ya kukataa jina ikiona litamletea mtoto shida maishani, lakini huyo wako ni mtu mzima mwenye karatasi zake. Kuanza kuapa viapo vya kubadili jina sasa hivi wakati vyeti vyote vinasoma Gift ni kujitafutia maswali ubalozini bure.

Kuna kitu kimoja tu cha kuwa makini nacho, na ni kwa sababu ya kazi aliyochagua. Kwa mazoea ya zamani Wajerumani wanamwita nesi "Schwester", yaani dada, sista, halafu jina la kwanza: Schwester Maria, Schwester Anna. Sasa pata picha bibi wa miaka 80 amelala wodini, asubuhi analetewa vidonge na mtu ambaye beji kifuani imeandikwa Schwester Gift. Sista Sumu! Hospitali nyingi siku hizi zimehamia kwenye "Frau" na jina la ukoo, na tangu 2020 hata jina la kazi yenyewe kwa wanaosoma mtaala mpya limekuwa Pflegefachfrau, kwa hiyo aombe mapema beji iandikwe jina la ukoo, au kama ana jina la pili atumie hilo akiwa na wagonjwa. Wenzake darasani watamtania siku mbili tatu, yatapita, wengi wao Kiingereza wanakijua, akishasema tu ni jina la Kiingereza wataelewa hapo hapo.

Haya, tuje kwenye neno sasa, na hapa nitachukua muda maana ndo utamu wenyewe.

Lile kundi la lugha linalobeba Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na zile za Skandinavia lilikuwa na kitenzi kimoja cha kupa. Leo Kiingereza kinasema give, Kijerumani geben, Kiholanzi geven, Kiswidi ge au giva. Na walikuwa na utaratibu wa kutengeneza jina kutoka kwenye kitenzi kwa kubandika t mwishoni: drive ikatoa drift, thrive ikatoa thrift, give ikatoa gift. Sisi kwenye pa tunapata kipawa na kipaji, ni mchezo ule ule. Kwa hiyo gift mwanzoni haikuwa zawadi wala ndoa wala sumu, ilikuwa ule upaji tu, au kile kinachotolewa, basi, bila kusema ni nini na kwa nini. Neno likiwa wazi namna hiyo watu wanalijaza wenyewe, na kila watu walilijaza na tendo la kupa ambalo kwao lilikuwa zito. Huku likajaa mke, kule likajaa dawa.

(Kando kidogo: wataalamu wengi wanaona mzizi huu ndo ule ule uliozaa habere ya Kilatini, yaani kuwa na kitu, na gabh ya Kiayalandi ambayo ni kuchukua. Kutoa, kuchukua na kuwa nacho, mama mmoja. Ila haben ya Kijerumani, ambayo nayo ni kuwa na kitu na inafanana na habere kama mapacha, siyo ndugu yake hata kidogo, imetoka mzizi mwingine kabisa. Kwenye maneno kufanana sura ni ushahidi dhaifu sana, tafadhali lishike hilo.)

Watu wengi wanadhani Kiingereza ndo kimetunza maana ya asili halafu Wajerumani na Waswidi wakaharibu. Hapana. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, gift au gyft ilikuwa mahari! Na ukiiweka kwenye wingi, gifta, ikawa harusi yenyewe. Zawadi ya kawaida walikuwa na neno jingine, giefu. Kuna mfalme anaitwa Ine, alitawala Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, kuanzia 688 hadi 726, aliacha sheria zake zimeandikwa na moja inasema hivi kwa kifupi: mtu akinunua mke na ile gyft, hapa ni ndoa, isifanyike, basi feoh irudishwe, na juu yake kilipwe tena kiasi kile kile, na mdhamini wa makubaliano naye apate fidia yake. Ukiisoma unajiona umekaa kwenye kikao cha washenga, posa imevunjika, wazee wanahesabu nani anamdai nani. Na hiyo feoh unajua ni nini? Mali, lakini pia ni ng'ombe. Neno moja kwa vyote viwili, na Kijerumani mpaka leo Vieh ni mifugo. Msukuma au Mmasai hapo hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa jina la binti yako lilipataje sura hii ya leo? Ni Waviking. Kuanzia karne ya 9 watu wa Denmaki na Norwe walihamia kwa wingi kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakaoa, wakalima, wakachanganya lugha. Kiingereza cha wakati huo g ikikaa mbele ya i ilitamkwa kama y yetu, kwa hiyo wenyeji walisema yift na kutoa walisema yive, hata mshairi Chaucer pale London karne ya 14 bado anaandika kwa y. Wageni wa Kiviking wao walisema kwa g ngumu, na neno lao lilibeba pia maana ya kitu ulichojaliwa, hadi bahati. Ikachukua karne kadhaa lakini g ya wageni ikashinda, yift ikafa, gift ikabaki, pamoja na ile maana ya zawadi tunayoijua leo. Kinachonichekesha mimi ni kwamba Waswidi na Wanorwe wenyewe baadaye wakalegeza hiyo g, leo ukimsikiliza Mswidi anasema yift kabisa kama Mwingereza wa kale, Mdenmaki ndo kabaki na g yake.

Skandinavia ndo kwenye ndoa. Kiswidi, Kinorwe na Kidenmaki vyote vina kitenzi cha kuoza binti kilichotoka kwenye hilo hilo gift. Baba anamtoa binti, binti anakuwa ametolewa, basi yeye ni gift. Kiswidi mpaka leo "gifta bort" ni kumwoza mtu, na "gifta sig", ambayo ukiipasua ni kama kujitoa mwenyewe, ndo kuoa au kuolewa. Kwenye fomu za Uswidi ukifika pale pa hali ya ndoa unakuta ogift, gift, skild, halafu mjane, kwa hiyo ogift siyo "isiyo na sumu" kama wageni wanavyotafsiri kwa utani, ni mtu ambaye hajaoa au hajaolewa. Isiyo na sumu ni giftfri. Norwe na Denmaki wao wataandika ugift.

Mila hii ya kutoa na kupokea mali kwa ajili ya mke ni ya zamani sana kule. Mrumi mmoja, Tacitus, aliandika mwaka 98 kuhusu makabila ya Germania, na kitu kilichomshangaza ni kwamba kwao si mke anayemletea mume mali, ni mume anayempelekea mke, tena siyo vipodozi, anapeleka ng'ombe, farasi mwenye hatamu zake, ngao, mkuki na upanga. Yeye kwao Rumi ilikuwa kinyume, ndo maana akaona ni habari ya kuandika. Mtu wa pwani au wa bara hapa kwetu akisoma hiyo sura anajiuliza ajabu iko wapi.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuelewa kitu ambacho Mwingereza inabidi aelezwe. Sisi mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, baba anaoza, kila mtu na umbo lake la kitenzi. Kiaisilandi, ambayo ndo lugha ya Skandinavia iliyobadilika kidogo kuliko zote, inafanya kitu cha namna hiyo: mwanamke ni gift, yaani ametolewa, lakini mwanaume kwa Kiaisilandi sanifu ni kvæntur, neno lililotoka kwenye neno la mke, yaani kama kusema amepata mke. Siku hizi watu wanasema giftur hata kwa mwanaume, wazee wa lugha wanakunja uso. Waswidi wao walishamaliza huo mjadala zamani, mume na mke wote ni gift, hakuna anayejiuliza nani kamtoa nani.

Sasa sumu. Hapa ndo kila mtu ana hadithi yake, na ile inayozunguka sana ni kwamba Wajerumani wa zamani walikuwa wanapeana zawadi zenye sumu, hasa pombe, ndo maana zawadi ikawa sumu. Inapendwa kwa sababu ni tamu, na imewahi kupewa uzito na mtu mkubwa, mwanaanthropolojia wa Ufaransa Marcel Mauss, ambaye mwaka 1924 aliandika makala fupi kuhusu neno hili hili akisema kwamba kwa watu hao zawadi ya kawaida ilikuwa kinywaji cha kunywa pamoja, na kinywaji mtu huna uhakika nacho, kwa hiyo furaha na hofu vilikaa kwenye kikombe kimoja. Wazo zuri, linamfikirisha mtu kuhusu zawadi, lakini kama historia ya neno mimi silikubali, maana kuna njia nyepesi zaidi na ushahidi wake upo, na Mauss mwenyewe baadaye aliitaja.

Njia yenyewe inapita kwa matabibu. Wagiriki kutoa ni didonai, na jina lake ni dosis, utoaji. Matabibu wa Kigiriki wakaitumia dosis kwa kile kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa kwa mara moja. Kilatini kikaichukua dosis vile vile. Wajerumani wa Zama za Kati, wakitafsiri maandishi ya Kilatini, wakakutana na dosis, kitu-kinachotolewa, na wao tayari walikuwa na neno la kitu-kinachotolewa, ni gift, wakaliweka hapo. Gift ikawa kipimo cha dawa, na kutoka kipimo cha dawa hadi kipimo cha kuua mtu ni hatua moja. Na hiyo dosis unaifahamu vizuri sana Mama Gift, ndo dozi. Ile ya "maliza dozi hata ukijisikia nafuu". Imetoka Ugiriki, ikapita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza hadi dirisha la dawa pale hospitali ya wilaya. Kwa hiyo dozi na Gift ya Kijerumani kihistoria ni kitu kimoja, moja iliazimwa nzima nzima na nyingine ikatafsiriwa.

Halafu kuna jambo la pili lililosukuma, nalo ni woga wa kutaja. Sumu hakuna anayependa kuiita kwa jina lake. Sisi hapa mtu akifa ghafla baada ya sherehe watu hawasemi "amewekewa sumu", wanasema kwa sauti ya chini "kuna kitu alipewa", "amelishwa", "walimtilia kitu". Alipewa! Kitenzi ni kile kile. Wajerumani walifanya hivyo hivyo na ushahidi wake unafurahisha: kitenzi vergeben, ambacho ni geben kimeongezewa kiambishi mbele, leo ni kusamehe, ndo neno watu wanalosali nalo kwenye Baba Yetu kwa Kijerumani, lakini Zama za Kati vergeben ilikuwa pia kumpa mtu sumu afe. Kumpa vibaya. Kwa hiyo mtu wa karne ile ungeweza kumwambia jirani "nimekuvergeben" akakimbia. Kusamehe imebaki, kuua ikahamia kwenye vergiften.

Kabla ya hapo Kijerumani kilikuwa na neno lake halisi la sumu, eitar. Halikufa, ila lilishushwa cheo, leo Eiter ni usaha, lile limaji la kidonda, binti yako atalisikia wiki ya kwanza tu wodini. Ndugu zake wamesambaa: Kiaisilandi eitur ndo sumu mpaka leo, wao gift ya sumu kwenye mazungumzo ya kawaida hawaihitaji. Kidenmaki buibui ni edderkop, na hiyo edder ya mwanzo ni sumu hiyo hiyo ya kale.

Na wala siyo Wajerumani peke yao waliokwepa. Kiingereza poison na Kifaransa poison vimetoka kwenye potio ya Kilatini ambayo ni kinywaji tu, kitu cha kunywa, basi. Kilatini chenyewe sumu kiliita venenum, ambayo imezaa veneno ya Kihispania, veleno ya Kiitaliano, hadi gwenwyn ya Kiwelshi, na hiyo venenum ukiichimba inagusana na Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwa hiyo inaelekea mwanzoni ilikuwa dawa ya kumfanya mtu akupende. Limbwata, wewe! Warumi walianza na limbwata wakaishia na sumu, na nadhani wapo wanaume huku watakaosema safari si ndefu. Wagiriki nao neno lao pharmakon lilikuwa dawa na lilikuwa sumu, muktadha ndo unaamua. Usiwashangae, sisi dukani tunanunua "dawa ya panya" na "dawa ya mende" na hakuna anayedhani panya anaenda kupona.

Kinyume cha sumu nacho kimetoka kwenye kupa. Kigiriki antidoton ni kile kinachotolewa dhidi ya, ndo antidote ya Kiingereza. Wajerumani wakasema Gegengift, Waswidi motgift. Kwa hiyo sumu ni kilichotolewa na tiba ni kilichotolewa kupambana na kilichotolewa, hawa watu hawakuwa na kitenzi kingine jamani.

Swali la kujiuliza ni Waswidi walizipataje zote mbili, maana kama nilivyosema gift yao ya nyumbani ni ya ndoa. Jibu ni biashara. Kati ya karne ya 13 na ya 15 wafanyabiashara wa Hansa, Wajerumani wa kaskazini wa miji kama Lübeck, walikaa Bergen, Visby, Stockholm, wakauza chumvi, nguo, bia, wakanunua samaki na chuma, na lugha yao ya Kijerumani cha kaskazini ikamwaga maneno Skandinavia kama Kiarabu kilivyomwaga kwetu pwani. Gift ya sumu ilikuja kwenye meli hizo. Ilipofika ikamkuta ndugu yake wa nyumbani ambaye hawajaonana miaka mingi, wana sura ile ile na wanatamkwa vile vile, na toka hapo utani wa "gift ni gift" hauishi kwenye harusi za Skandinavia, kila mjomba anadhani kaubuni yeye.

Lakini Waswahili tusicheke sana. Baba anaoza binti. Ndizi inaoza. Eh? Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na hilo anashtuka kama wewe ulivyoshtuka. Tofauti ni kwamba oza zetu hazina undugu, zimegongana tu barabarani: oza ya binti ni oa iliyoongezewa, na oza ya ndizi zamani ilikuwa na b, ambayo ukitaka kuiona angalia kivumishi chake, bovu, au uwaulize Wabemba wa Zambia ambao kuoza wanasema ukubola. Gift mbili za Kiswidi zinafanana hivyo hivyo ila zenyewe ni ndugu wa damu kweli, babu mmoja, moja ilibaki nyumbani na nyingine ikazunguka kwa matabibu wa Ugiriki. Ndo nikakwambia sura isikudanganye, huwezi kujua kwa kuangalia, lazima ufukue.

Waholanzi wao walikuwa wajanja, waligawa. "De gift" ni mchango, sadaka, zile pesa unazotoa kwa taasisi halafu unaziandika kwenye fomu ya kodi upunguziwe. Sumu wakaikata t, ikawa "gif", au vergif. Sumu ya panya Afrika Kusini kwa Kiafrikaans nayo ni gif, maana Kiafrikaans ni mtoto wa Kiholanzi. Ila giftig kwa Kiholanzi, pamoja na t yake, ni yenye sumu, kwa hiyo ule ujanja haukufika mbali. Na kuna lugha moja ya Ulaya iliyo jirani kabisa na Kijerumani, Kiyidishi, ambayo Wayahudi wa Ulaya mashariki walikuwa wakiizungumza, ambako ukiacha gift utakuta pia sumu inaitwa sam, kutoka Kiebrania. Sam ya Kiebrania na summ ya Kiarabu ni ndugu, na sumu yetu ni hiyo ya Kiarabu. Neno letu lilifika Poland kabla hatujafika, hata kama lilipitia mlango mwingine.

Turudi Ujerumani. Maana ya zawadi haikufutika yote. Mitgift ni zile mali ambazo binti anapewa na kwao anapoenda kwa mume, "mit" ni pamoja-na, kwa hiyo kinachotolewa pamoja naye. Kijana wa Kijerumani wa leo akilisikia anasikia sumu ndani yake na anatania, lakini neno ni safi na ni la zamani kuliko utani wake. Zawadi ya kawaida ni Geschenk, kutoka schenken, ambayo asili yake ni kummiminia mtu kinywaji, na ukitaka kusema kwa heshima kidogo unasema Gabe. Hata jinsia ya neno ilibadilika njiani, ile ya kale ya zawadi ilikuwa ya kike, die Gift, ya sumu ya leo ni das Gift. Na ukishuka kusini, Bavaria na Austria, utasikia der Gift, na hiyo ni hasira, mtu wa Vienna akikasirika anasema anajigiftia. Wahungaria jirani zao, ambao lugha yao haina undugu wowote na hizi, nao méreg ni sumu na ni hasira.

Kwa binti, mbali na beji, ayajue haya mapema maana atayakuta kazini kila siku. Giftig ni yenye sumu, iwe uyoga au mtu mwenye maneno makali. Vergiftung ni mgonjwa kala au kanywa sumu. Giftnotruf ni simu ya dharura ya masuala ya sumu, mtoto akinywa sabuni ya choo nyumbani ndo inapigwa. Rauschgift ni madawa ya kulevya. Chupa za kemikali zenyewe siku hizi Ulaya nzima zina ile alama ya fuvu, na kwa Kijerumani neno Gefahr, hatari, kwa hiyo asitegemee kila sumu iandikwe Gift ndo aogope. Mtu akimwambia "darauf kannst du Gift nehmen", kwamba kwa hilo unaweza kumeza sumu, asikasirike, anaambiwa tu ni uhakika asilimia mia. Na lile kabati la kufuli la morfini na wenzake pale wodini, ambalo rasmi lina jina refu la kisheria, manesi wengi wanaliita Giftschrank, kabati la sumu. Usiku wa zamu mtu akiuliza funguo ya Giftschrank ana nani, asiseme hapana hilo si langu.